Sifuri ya Mashariki Kidogo

Mambo yaliharibika Jumanne ya tarehe kumi na mbili Machi, saa nne na robo asubuhi, pale rangi ya sifuri ilipokauka.

Kabla ya hapo nchi ilikuwa ikienda kama nchi nyingine. Watu walizaliwa, waliugua, wenye siku zao walipona, walioishiwa siku walikufa wakazikwa, na hakuna mtu aliyewaita wasaliti. Jina la nchi yenyewe halitajwi hapa, si kwa woga, la hasha, bali kwa sababu lilipelekwa kwenye kamati likasafishwe, na kamati iko hotelini mwaka wa nne huu, bado inachagua herufi ya kwanza.

Shida ilianzia kwenye kitabu. Kila mwaka Serikali ya nchi hiyo ilichapisha kitabu kinene cha takwimu, kila mkoa na ukurasa wake: wamezaliwa wangapi, wameugua wangapi, wamekufa wangapi, na wamekufa kwa nini. Mwaka huo wageni wa heshima kutoka ng'ambo walikifungua wakiwa mezani, wakakifunga, wakasema wameshiba. Mtukufu Rais akaona haya. Akawaita wataalamu wake akawauliza lifanyike nini. Wataalamu walijifungia siku tatu, wakatoka na jibu: kuna njia mbili, ama kuwatibu watu ama kukitibu kitabu. Watu ni wengi, wametawanyika, na baadhi yao wanakaa kusikofika gari. Kitabu ni kimoja na kiko hapa hapa mezani.

Ndipo likaanzishwa Kombe la Uhai.

Mkoa utakaokuwa na vifo vichache na watoto wengi ungepewa kombe la shaba lenye urefu wa mtu mzima, na Mkuu wa Mkoa huo angepewa ruhusa ya kupunga mkono kwa mikono yote miwili. Kanuni zilikuwa nyepesi. Kifo ni mali ya mkoa ambamo pumzi ya mwisho imetoka. Mtoto ni mali ya mkoa ambamo amelia mara ya kwanza. Basi.

Wakuu wa Mikoa hawakuwa wajinga, hata kama sura zao ziliwasingizia. Wiki haikuisha, wagonjwa mahututi wakaanza kupakiwa kwenye malori na kushushwa mkoa wa jirani wakiambiwa, "Karibuni sana, jisikieni mko nyumbani." Wajawazito nao waligombewa. Walipokewa mipakani kwa tarumbeta na kanga mpya, wakasukumiwa vigodoro, wakaombwa wasibane. Mama mmoja mwenye pacha alivutwa huku na huku mpaka Kulwa akazaliwa mkoa mmoja na Doto mkoa wa pili. Hata leo Doto akitaka kumsalimia Kulwa huomba kibali.

Wizara nayo ikasafisha lugha. Ule usemi wa wazee kwamba mficha maradhi kilio humuumbua ulifutwa rasmi kwa tangazo la redioni, na waliokuwa nao kwenye kanga walipewa siku saba kuzisalimisha. Mficha uchi hazai uliachwa, kwa kuwa ulisaidia takwimu za uzazi.

*

Mzee Mindu alikuwa mchoma mkaa katika mji wa Mpakani. Mji huo uliitwa hivyo kwa sababu mpaka wa mikoa miwili, Mashariki Kidogo na Mashariki Sana, ulipita katikati yake, tena ukakata uwanja wa zahanati pande mbili kama mtu anayegawa muhogo. Tangu Kombe lianzishwe, mpaka huo ulichorwa kwa chokaa nyeupe, na kila asubuhi karani mmoja kutoka kila upande alikuja kuhakikisha kwamba mwenzake hakuusogeza.

Shule Mzee Mindu aliisoma miezi mitatu. Walipofika tisa, baba yake alimtoa akasaidie kwenye tanuri la mkaa, na kesho yake wenzake wakafundishwa kumi. Hakuiona kama hasara. Magunia yake aliyahesabu kwa vijiti: gunia moja, kijiti kimoja, kilichochorwa kwa kipande cha mkaa ukutani kwake. Vijiti vikijaa ukuta huu alihamia ule. Mkewe, Bi Asumini, ndiye aliyekuwa akifuta kuta na kumkumbusha nani kachukua nini, na katika miaka thelathini na moja ya ndoa hawakuwahi kuhitaji kumi.

Jumanne ile Bi Asumini aliamka akiharisha na kutapika. Mpaka jua lilipokuwa juu ya mapaa, macho yalikuwa yameingia ndani na vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua nguo siku nzima. Mzee Mindu hakuwa daktari, lakini kipindupindu alikijua. Kilishampitia mama yake. Alitandika gunia kwenye mkokoteni wa mkaa, akamlaza mkewe, akausukuma mbio mpaka zahanati.

Alikuta sherehe. Mheshimiwa Ledi Kasembe, Mkuu wa Mkoa wa Mashariki Kidogo, alikuwa amesimama juu ya kreti la soda mbele ya ubao mkubwa uliopigiliwa misumari ya inchi sita kwenye ukuta wa zahanati, upande wa barabarani, ili hata anayepita mbio auone. Ubao uliandikwa: VIFO VYA KIPINDUPINDU, MKOA WA MASHARIKI KIDOGO. Chini yake palikuwa na sifuri nyekundu, nene, kubwa kuliko gurudumu la trekta. Fundi rangi alikuwa akiipuliza ikauke.

"Ndugu wananchi!" alinguruma Mheshimiwa Kasembe. "Kuanzia saa hii, katika mkoa huu, kipindupindu kimekufa! Na hicho ndicho kifo pekee nitakachokiruhusu!"

Makofi. Vigelegele. Bendi ikapiga.

Fundi akaigusa sifuri kwa kidole, akakitazama kidole, akasema, "Imekauka, Mheshimiwa." Ilikuwa saa nne na robo. Mkokoteni wa Mzee Mindu ulikuwa umeingia getini wakati huo huo.

Aliyempokea alikuwa Nesi Hobokela, msichana aliyeripoti kazini asubuhi hiyo hiyo, sare bado ina mikunjo ya dukani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mama yako anamalizika. Mtundikie dripu upesi."

Nesi akamwangalia Bi Asumini, akambana ngozi ya mkono, akaiona ikibaki imesimama. Kisha akageuka akautazama ubao. Kisha akamtazama tena Bi Asumini.

"Baba, ungemleta jana."

"Jana alikuwa mzima!"

"Ndiyo tatizo lenyewe. Nasikia jana dripu zilikuwepo."

"Na leo ziko wapi?"

"Sijui, baba. Nimeambiwa ziko mahali salama." Akamwonyesha karatasi iliyobandikwa mlangoni, ikiwa na mihuri mitatu na sahihi iliyojikunja kama chatu. Mzee Mindu hakuweza kuisoma, kwa hiyo alimsomea. "Waraka Namba Saba. Dawa hufuata tarakimu. Penye moja, itolewe ya mmoja. Penye sifuri, pafungwe."

*

Hapo ndipo alipotokea karani wa takwimu wa Mashariki Kidogo, Bwana Elineema, kijana mwenye kalamu nne mfukoni na adabu nyingi. Aliinama juu ya mkokoteni, mikono nyuma, kama mtu anayekagua samaki.

"Mzee wangu, pole sana. Huyu mama yuko katika hali ya kuweza kuleta tarakimu. Nakuomba kwa heshima zote umsogeze hatua saba upande ule."

Upande ule, ng'ambo ya chokaa, kulikuwa Mashariki Sana. Kule nako hakukuwa na dripu, ila kulikuwa na karani mwingine, mnene, aliyekwisha kupanua mikono kama golikipa.

Mgambo wawili wa Elineema wakamnyanyua Bi Asumini na gunia lake, wakamvusha. Mgambo wawili wa kule wakampokea kwa shukrani, wakamrudisha. Elineema akasema hapana, tafadhali, ninyi kwanza. Karani mnene akasema la, msitufanyie hivyo, sisi si wachoyo, mgonjwa ni wenu. Akavushwa. Akarudishwa. Mzee Mindu alikimbia huku na huku akishikilia pindo la kanga ya mkewe isifunuke, akiwatukana wote wanne kwa matusi ya tanurini ambayo hata bendi iliacha kupiga ili iyasikie.

Safari ya sita Bi Asumini akafumbua macho.

"Mume wangu."

"Labeka mama."

"Tangu siku ya harusi yetu sijabebwa hivi."

Mzee Mindu akacheka. Hakutaka, lakini alicheka, na mgambo mmoja naye akacheka, nusura amwangushe.

Safari ya kumi na moja, walipofika juu ya chokaa, mgambo wa huku walikuwa wameshika miguu na wa kule wameshika mabega, na kila upande unasukumia kwa mwenzake. Bi Asumini akasema, kwa sauti ya mtu anayekataa kuongezwa chai, "Waambie waamue. Nimechoka kusafiri."

Akakata roho hapo hapo, kichwa Mashariki Sana, miguu Mashariki Kidogo.

Makarani wote wawili wakasema kwa pamoja: "Si kwetu!"

*

Tume iliundwa kabla ya sanda kupatikana. Wajumbe walifika na futi kamba, ngazi na maji ya chupa. Mtaalamu wa Mashariki Kidogo alieleza kwamba roho hutokea puani, pua iko kichwani, na kichwa kilikuwa ng'ambo, hivyo hongereni. Mtaalamu wa Mashariki Sana alijibu kwamba kipindupindu ni ugonjwa wa tumbo, pua haihusiki, na tumbo ndilo lipimwe. Tumbo likapimwa. Kitovu kilikuwa juu ya chokaa kabisa, nusu na nusu. Mjumbe mmoja akapendekeza kila mkoa uandike nusu ya kifo. Akaambiwa nusu si sifuri, aketi.

Bwana Elineema akamvuta Mzee Mindu pembeni, akafungua daftari.

"Mzee wangu, mimi nakuhurumia. Cheti naweza kukupa hata sasa hivi, tukikubaliana sababu. Ziko nzuri tu. Hii hapa: uchovu wa safari."

"Amekufa na kipindupindu."

"Au hii, furaha iliyozidi kiasi. Bendi ilikuwa inapiga, mashahidi wapo."

"Kipindupindu."

"Basi tuseme amehama. Kuhama hakuna gharama, na mtu aliyehama anaweza kurudi. Huoni ina matumaini?"

Mzee Mindu akamtazama yule kijana na kalamu zake nne. "Mwanangu, mimi sikusoma. Lakini moja naijua. Ni kijiti. Unashusha mkono hivi, basi. Nyie mna ofisi, mna mihuri, mna kalamu nne mfuko mmoja, mnashindwaje kuchora kijiti kimoja? Andika moja."

"Siwezi, mzee."

"Kwa nini?"

"Rangi imeshakauka."

Mzee Mindu alimzika mkewe mwenyewe, na majirani, nyuma ya tanuri. Ardhi haikudai cheti.

Aliporudi kuchukua mkokoteni wake, Nesi Hobokela alikuwa ameketi juu yake, analia kwa hasira.

"Baba, nisikilize. Ule waraka ni mpumbavu, lakini unakata huku na huku. Penye moja, itolewe ya mmoja. Siku watakapoandika moja tu, mimi nina haki ya kudai dripu. Na huyu mama hatakuwa wa mwisho. Maji ya mtaa mzima ni yale yale."

"Moja tu?"

"Moja tu, baba."

*

Kwa siku thelathini na tisa Mzee Mindu alikwenda ofisini kwa Elineema kila asubuhi. Shati lake la kanisani lilichakaa kola. Alikuwa akiingia, anavua kofia, anasema, "Andika moja," na Elineema anasimama kwa heshima, anamwambia, "Shikamoo mzee wangu, bado." Siku moja alipewa fomu ya kuomba fomu. Siku nyingine aliambiwa Bi Asumini mwenyewe ndiye anayetakiwa kuthibitisha, maana taarifa za mtu ni siri yake. Siku ya ishirini na nane alipokea barua ya pongezi yenye nembo ya Taifa, ikimwarifu Bi Asumini kwamba, kwa kutokufa katika mwaka wa Kombe, amechaguliwa kuwa Mkazi Bora wa Kata, na aende kwenye sherehe akiwa amevaa kijani.

Wakati huo mtaa ulikuwa unahama. Ndivyo daftari la Elineema lilivyosema. Alihama fundi cherehani. Walihama mtu na shemeji yake wiki moja. Alihama mume wa Bi Kadogo, muuza vitumbua, jirani wa Mzee Mindu, mwanamke mwenye ulimi wa kukwaruza sufuria. Wote walihamia mahali pamoja, futi sita chini, na hakuna aliyetuma salamu.

Siku ya arobaini ya Bi Asumini, pilau likiwa jikoni, Bi Kadogo alikuja mbio bila kanga ya pili.

"Mindu! Salha wangu anaharisha maji ya mchele!"

Salha alikuwa binti yake wa pekee. Mzee Mindu hakuuliza swali. Walimlaza kwenye mkokoteni ule ule, gunia lile lile, wakaenda. Nesi Hobokela aliwaona kwa mbali akaweka mikono kichwani. Mgambo nao waliwaona, wakaanza kukunja mikono ya mashati.

Mzee Mindu akauacha mkokoteni, akaenda moja kwa moja mpaka chini ya ubao. Hakuwa na mpango. Mfukoni mwake kulikuwa na kipande cha mkaa, kama siku zote. Akapanda juu ya lile kreti la soda ambalo Mheshimiwa aliliacha kama kumbukumbu, akatafuta nafasi karibu na ile sifuri. Kulia palikuwa na picha ya Mheshimiwa akitabasamu. Kushoto palikuwa peupe. Basi akachora kushoto, kijiti kimoja kirefu, cheusi, kilichonyooka, akakikazia mara ya pili ili kisifutike kwa mvua.

"Haya," akasema. "Moja."

Barabara nzima ikasimama. Elineema alitoka ofisini, akatazama juu, kalamu zote nne zikamwanguka.

"Kumi!" akapiga kelele. "Mzee, umeandika kumi!"

"Nimeandika moja. Hiyo sifuri mliandika wenyewe."

"Umeua watu tisa! Mchana kweupe! Watu tisa wasio na hatia! Wako wapi hao tisa? Wataje!"

Mzee Mindu shuleni kumi hakufika. Lakini Bi Kadogo alikuwa amesimama nyuma yake, na yeye kumi alifika.

"Kijiti ni Asumini," akasema. "Wa pili ni mume wangu. Andika, mwanaharamu."

"Wa tatu fundi cherehani," ikasema sauti kutoka dukani.

"Wa nne kaka yangu. Wa tano shemeji yake."

"Wa sita, mama mkwe. Nilikuwa sipatani naye, lakini haki ni haki."

Hesabu ikafika tisa, ikafika kumi, ikapita. Elineema akainua mikono: "Inatosha! Inatosha! Kumi imejaa! Mliobaki rudini na wafu wenu nyumbani mpaka kipindi kijacho!" Wakamcheka. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, wengine wakilia humo humo ndani ya kicheko, na wa ishirini na sita alipotajwa, mgambo mmoja alivua kofia akasema taratibu, "Wa ishirini na saba, mwanangu."

Nesi Hobokela hakungoja. Alikuwa amekwisha kubandua Waraka Namba Saba mlangoni. "Bwana Elineema! Tarakimu iko hapo juu, inasomeka. Dawa hufuata tarakimu. Nadai dripu kumi!"

"Siyo tarakimu! Ni uhalifu!"

"Uhalifu wa kumi. Nipe kumi."

Mheshimiwa Kasembe alifika kwa ving'ora vitatu. Alitazama ubao, akatazama umati, akashika kiuno. Aliamuru mambo mawili: mzee akamatwe, na ubao ung'olewe uwe kielelezo cha mahakama.

Hilo la pili ndilo kosa lake. Watu wa Serikali hiyo hawakuwa na mazoea ya kung'oa kitu walichokizindua, kwa hiyo hakuna aliyekumbuka kilichokuwa nyuma yake. Mgambo wakaleta nyundo na mtaimbo. Misumari ya inchi sita ilitoka ikilia kama nguruwe. Ubao ukaanguka kwa kishindo, vumbi likapanda, na vumbi lilipotua, pale ulipokuwa ubao hapakuwa na ukuta. Palikuwa na mlango.

Mlango wa kijani, wenye kufuli, na maandishi meupe: GHALA LA DAWA.



Mzee Mindu, pingu mkono mmoja, alienda kwenye mkokoteni wake, akachukua shoka la kuni, akarudi. Hakuna aliyemzuia. Alipiga mara tatu. Ndani kulikuwa na maboksi ya dripu mpaka darini, mapya, yamefunikwa na utando wa buibui tu. Kutoka mlango ule mpaka kwenye mstari wa chokaa alipokatia roho Bi Asumini, Nesi alikuja kupima baadaye, ni hatua ishirini na mbili.

Salha alitundikiwa ya kwanza. Wengine tisa walitundikiwa siku hiyo na kesho yake. Wote kumi walipona, na Salha mpaka leo anauza vitumbua, ingawa vyake vina mafuta kuliko vya mama yake.

*

Kesi ilisikilizwa chini ya turubai uwanjani pale pale, kwa kuwa haikujulikana ni ya mkoa gani. Kiti cha hakimu kiliwekwa juu ya chokaa, miguu miwili huku, miwili kule. Mashtaka yalikuwa mawili: kuua watu tisa kwa kutumia mkaa, na kusababisha kupona kwa watu kumi bila leseni.

Hakimu alikuwa mtu mpole, mwenye mafua. Alimuuliza Elineema, "Hao tisa walikufa lini?"

"Mheshimiwa Hakimu, walikufa mzee alipochora kijiti."

"Kabla ya hapo walikuwa hai?"

"Walikuwa wamehama."

"Walihamia wapi?"

Elineema akamtazama Mheshimiwa Kasembe. Mheshimiwa Kasembe akasimama, akatia mkono kifuani. "Mahakama Tukufu! Wananchi wangu wana uhuru wa kwenda popote! Siwezi kuwafuata kila wanakokwenda!"

"Hata huko hakuna anayekungoja kwa hamu!" akadakia Bi Kadogo. Akatolewa nje, lakini kwa kuwa mahakama haikuwa na ukuta, alisimama pale pale.

Hakimu akapenga kamasi. Akaagiza kielelezo kiletwe. Ubao ukasimamishwa mbele yake, na ile 10, nusu ya mkaa na nusu ya rangi, ikawatazama wote. Nyuma yake, ng'ambo ya uwanja, mlango wa kijani ulikuwa wazi, na Nesi Hobokela alikuwa akiingia na kutoka na maboksi.

"Mshtakiwa," akasema Hakimu, "Mahakama inakupa nafasi. Una la kusema kabla sijaahirisha?"

Mzee Mindu akasimama. Alikuwa amevaa lile shati la kanisani. Alikuwa amejiandaa usiku na mchana kuwatukana, tena Bi Kadogo alimwongezea matusi mawili mapya. Lakini alipoona ubao kwa karibu aliona kitu ambacho hakukiona siku ile kwa haraka: matundu ya misumari. Yalikuwa manane, yamepangwa vizuri, mawili mawili kila pembe. Akageuka akauangalia ule mlango wa kijani. Juu ya fremu, manne. Chini, manne. Aliyepigilia hakukosea hata mmoja. Alikuwa amesogeza ubao mpaka ukaifunika bawaba, ukaifunika kufuli, ukafunika na yale maandishi.

"Kesi ya mkaa nakubali," akasema. "Nilichora mimi, na kijiti kile ni mke wangu, msikifute. Mkitaka kunifunga nifungeni, mkaa upo hata gerezani. Mimi sina maneno mengi. Nina swali moja tu, na namuuliza yeyote aliyeshika cheo hapa, wa mkoa huu au wa ule, nimelingoja jibu lake tangu nisimame."

Hakimu akaweka kalamu chini. Mheshimiwa Kasembe akaanza kutafuta dereva wake kwa macho. Elineema akainama kufunga kamba za kiatu ambacho hakikuwa na kamba.

"Yule aliyepigilia ubao huu juu ya mlango wa dawa," akasema Mzee Mindu, "aliuona mlango, au hakuuona?"